Kondo Lisilo na Mtoto

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nimelishukuru, maana baridi ya Karagwe haichagui mstaafu. Saa sijaitundika. Niliihitaji zamani, wakati ile ya chumba cha picha iliposimama na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitengeneza. Sasa jogoo wa jirani ananitosha. Baada ya soda na hotuba, yule binti aliyerithi kiti changu alinivuta pembeni akasema, "Mama, andika. Ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi tutajifunzia kwa nani?" Nikamwambia nitaandika. Ndiyo haya. Msitegemee utamu.

Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu ni fupi. Nilianza nikiwa mpiga picha wa hospitali na nikamaliza nikiwa mpiga picha wa hospitali, na katikati niliitwa kwenye semina kadhaa zilizokuwa na chakula kizuri. Wagonjwa waliniita Mama Picha. Jina langu la ubatizo hata paroko alilisahau.

Nilitoka kwetu Muleba nikiwa msichana mwenye cheti kipya na sketi iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Hospitali niliyopangiwa ilikuwa na mashine moja ya eksirei, chumba kimoja cha giza cha kusafishia filamu, na mzee mmoja, Mzee Kamugisha, Mnyambo wa Nyakasimbi. Alikuwa Mlutheri wa kusali Jumapili na kukasirika siku zilizobaki. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba bila kugeuka, akanirushia aproni ya risasi, nikayumba nayo. "Vaa," akasema. "Uzito huo ndio kazi. Mengine yote ni maneno."

Alinifundisha kuosha filamu gizani kwa kugusa na kunusa, na kuzitundika nyuma ya jengo kwenye waya zikauke. Alinifundisha pia kuwafukuza mbuzi, maana mbuzi wa jirani aliwahi kutafuna goti la mwalimu mkuu na ikabidi mwenyewe arudi tena kupigwa picha, akidhani tunamtania. Picha ikishakauka, Mzee Kamugisha aliishika mbele ya dirisha na kuanza na jina la mgonjwa, kisha pembe nne, na mwisho kabisa kile kitu ambacho daktari alikuwa amekiulizia. "Ulichotumwa kukitafuta utakiona tu," alikuwa akisema. "Muuaji anakaa pembeni." Nimefanya hivyo maisha yangu yote na nawaambia na ninyi mfanye hivyo, hata hizi picha za kompyuta zina pembe.

Alikuwa na sheria nyingine, na hii nitairudia baadaye kwa sababu imenikaa kooni mpaka leo. Mpiga picha haongei. Anaona, anaandika, na daktari ndiye anayesema na mgonjwa. Mzee aliirithi kwa waliomfundisha, akanirithisha mimi, nami nikaishika kama amri ya kanisa. Ina maana yake. Mtu hawezi kupewa habari ya kifo chake na kila anayepita korido. Lakini ina maana tu pale ambapo anayepaswa kusema, anasema.

Mashine ya utrasaundi ilikuja baadaye, zawadi ya watu wa mbali, ikiwa na maandishi ambayo hakuna aliyejua ni ya nchi gani. Tulijifunza vitufe vyake kwa kubonyeza na kuomba Mungu. Jeli ya kupaka tumboni ilipokwisha, nilipika wanga wa muhogo na chumvi kidogo mpaka ukawa laini, nikauchuja, nikautia kwenye chupa. Wanawake walicheka sana. "Mama Picha, leo unatupaka uji?" Nikawaambia wasilambe. Ule uji ulionyesha watoto vizuri tu, na siku moja ulionyesha kitu kingine.

Alikuwa mama wa Isingiro, tumbo limezidi miezi aliyoihesabu, anatapika hadi macho yameingia ndani, na damu inamtoka kidogo kidogo. Nikapitisha kichwa cha mashine, nikatafuta mtoto. Hakuna. Kizazi chote kilikuwa kimejaa vitone vyeupe na vyeusi, vidogo, vingi, vinavyometameta. Nikafungua kitabu. Kitabu kikasema picha hiyo ni mfano wa dhoruba ya theluji. Nikamwita Mzee Kamugisha, nikamsomea. Akanitazama. "Theluji wewe umeionea wapi?" Akainamia kioo. "Hiyo ni rubisi inayochacha. Povu tupu. Ukiona rubisi kwenye kizazi, hiyo ni mimba zabibu." Tangu siku hiyo sijawahi kuikosea, na nimewafundisha wengi kwa mfano wa rubisi, pombe yetu ya ndizi inayochachia kwenye mtumbwi. Kitabu niliacha kukifungua kwenye ukurasa ule.

Mimba zabibu, kwa mlio wapya, ni mimba iliyokosea tangu siku ya kwanza. Kinachoota ni kondo peke yake, limevimba vishada vishada, na mtoto hayupo. Anasafishwa kizazi, na kwa wengi mambo huisha hapo. Kwa wachache, mabaki ya lile kondo hugeuka saratani. Saratani hiyo inapenda damu. Inasafiri nayo mpaka ukeni, mapafuni, kwenye ini, kichwani. Popote inapotua panavuja. Yule mama wa Isingiro ilimtokea. Miezi ilipita, akarudi na kinundu cha zambarau ukeni, na daktari mmoja aliyekuwa hana muda wa kuuliza akadhani ni jipu, akalipasua. Sitaeleza kilichofuata. Nitasema tu kwamba ndugu zake wanne walijipanga kutoa damu, na padre wa tano. Alipelekwa Mwanza, akatiwa dawa za dripu, akarudi hana nywele hata moja. Baadaye alizaa watoto wawili. Nimekuwa nikikutana naye mnadani akiuza maharage, amenenepa, ana kelele.

Namtaja kwa makusudi. Katika saratani zote nilizoziona kwenye kioo, hii ndiyo inayosikia dawa kuliko zote, hata ikishafika mapafuni. Kumbukeni hilo mnaposoma habari za Editha.

Editha alikuwa ameolewa Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, kwenye kibanja cha migomba na kahawa cha mama mmoja mjane anayeitwa Ma Paskazia. Mume wake, Deus, ndiye mtoto wa pekee aliyebaki kwa mama huyo. Kwa hiyo mimba ya Editha haikuwa ya Editha peke yake. Waliletwa kwangu wote watatu kwa pikipiki mbili, Mzee Kamugisha akiwa ameshalala makaburini kwao Nyakasimbi zamani, na mashine zetu zikiwa mpya. Editha alinisalimia kwa kupiga goti, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, akalala kitandani. Nikaiona rubisi hata kabla sijaupeleka mkono kati.

"Mtoto anacheza, mama?" akauliza.

"Daktari atakueleza, mwanangu," nikasema. Ndiyo sheria.

Nikaandika mimba zabibu kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika kwamba kitakachotolewa kipelekwe maabara kikaangaliwe. Maneno hayo niliyapigia mstari. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimsafisha vizuri; mkono wake haukuwa na tatizo, na damu haikumtoka nyingi. Tatizo lilianza mlangoni pa chumba cha upasuaji, na lililetwa na mila ambayo kila mtu katika hospitali ile anaijua na kila mtu anajifanya haijui.

Kwa watu wa huku, kondo la nyuma halitupwi. Linazikwa kibanjani chini ya mgomba. La msichana linakwenda kwenye mgomba wa ndizi za kupika, la mvulana kwenye mgomba wa ndizi za pombe, na mgomba huo unatunzwa, haukatwi ovyo. Ma Paskazia alipoambiwa kwamba hakuna mtoto, kuna kondo tupu, aliomba kitu kimoja. Akaomba apewe hilo kondo akalizike kwake. Muuguzi wa zamu akamjibu, "Mama, hapa ni hospitali, si shamba la migomba."

Mimi nilitaka lipelekwe maabara, yeye alitaka likazikwe chini ya mgomba. Wote wawili tulikuwa na sababu. Lilitupwa kwenye shimo la taka za hospitali pamoja na pamba na bandeji, maana chupa za kuhifadhia vipande zilikuwa zimefungiwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Nilipouliza kesho yake nikaambiwa nisihangaike, ilikuwa mimba zabibu ya kawaida. Sikujua kwamba kuna za kawaida.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi yule yule alimwambia Editha maneno haya, na nayajua kwa sababu Editha aliyarudia kwangu neno kwa neno: "Usishike mimba mwaka mzima. Kila mwezi uje upime mkojo. Ukishika mimba usije kutulilia hapa." Basi. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Nataka ninyi vijana mtulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo alipouawa. Kipimo kile cha mkojo hakimtafuti mtoto. Kinatafuta maji ya kondo, yale yanayoingia kwenye damu pindi kondo linapoota. Kwa mwanamke mzima mistari miwili ni habari njema. Kwa aliyetoka kusafishwa mimba zabibu, mistari ikirudi kuwa miwili, huenda ni lile kondo limefufuka na limekuwa saratani. Ndiyo maana tunamkataza kushika mimba: mimba mpya ikiingia, hatuwezi tena kujua kipimo kinasema nini. Ukimweleza hivyo mwanamke yeyote wa Kyerwa, aliyesoma na asiyesoma, anaelewa kabla hujamaliza. Ukimwambia tu usishike mimba, unakuwa umempa amri ya kuogopa, na mtu mwenye hofu anajificha.

Miezi ikapita. Sikumwona tena. Mpiga picha hana wagonjwa wake. Watu wanaletwa, wanaondoka, na mwisho wa hadithi zao unausikia sokoni.

Alirudi wakati wa masika, barabara zikiwa matope matupu. Deus alimshusha kwenye pikipiki akiwa amemfunga kwa kitenge mgongoni kwake ili asidondoke. Ma Paskazia alikuwa nyuma yao kwenye pikipiki ya pili na kikapu cha nguo za mtoto. Nimeona vitu vingi kazini, lakini kile kikapu bado nakiona.

Walikuja kwa sababu ya damu. Mimba inatoka, walisema. Editha alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, na alipokohoa aliweka kanga mdomoni na kuikunja haraka nisiione. Niliiona. Nikamwuliza kikohozi kimeanza lini. Ma Paskazia akajibu yeye: kimeanza zamani, walikwenda kituo kimoja cha afya, makohozi yakapimwa kifua kikuu yakakutwa safi, wakapewa dawa za kifua kikuu hivyo hivyo. Picha ya kifua hawakupigwa, kwa sababu mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mjamzito haruhusiwi. Na huyu, waitu jamani, ni mjamzito, hata kipimo kimeonyesha.

Nikampaka jeli. Kizazini hapakuwa na mtoto wala mfuko wa mtoto. Ukutani mwa kizazi palikuwa na donge, na nilipowasha rangi za kuonyesha mwendo wa damu, lote likawaka. Nikawaomba Deus na mama yake wasubiri nje.

"Editha," nikasema, "mbona uliacha kuja kupima?"

Akatazama ukutani. "Nilikuja, mama. Mwezi wa kwanza nilikuja, na wa pili. Wakasema kinashuka, vizuri. Halafu barabara ikaharibika, nikanunua kipimo duka la dawa nikapima mwenyewe. Ikaja mistari miwili." Akapumzika kuvuta pumzi. "Sindano ya uzazi wa mpango nilikuwa nimechoma, mama. Nani angeniamini? Walishasema nikishika mimba nisije kuwalilia. Nikamwambia mama mkwe peke yake. Akasema tufiche mpaka tumbo lionekane, hospitali wasiichukue na hii."

Nilimfuta tumbo nikamfunika. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa kuifunga chupa ya jeli.

Nikampeleka chumba cha eksirei. Kijana wa zamu akanionyesha tangazo la mlangoni.

"Mama, kipimo chake ni chanya. Sheria inakataza."

"Hana mimba."

"Kipimo kinasema anayo."

"Mwanangu, hana mimba. Vaa aproni au unipishe."

Akanipisha. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, nilianza na jina, kisha pembe, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na haja ya pembe. Mapafu yote mawili yalikuwa na madoa ya duara, meupe, makubwa kwa madogo, kama mapera. Yule kijana alisema, "Mungu wangu," akavuta kiti akakaa. Alikuwa mtoto mzuri. Hakuna aliyemfundisha kwamba tangazo la mlangoni linamlinda mtoto, na pasipo na mtoto halimlindi mtu yeyote.

Daktari wa siku hiyo, mama mtu mzima aliyehamia kutoka Bukoba, alielewa papo hapo. Akaandika rufaa ya Mwanza. Gari likawa tayari. Aliyekuwa hayuko tayari ni Ma Paskazia. Alikaa kwenye benchi la korido, kikapu mapajani, akasema hakuna mtu atakayempandisha mkwewe gari la kwenda kuua mtoto. Daktari alimweleza saratani. Akasema saratani anaijua, ilimuua dada yake, na dada yake hakuwa na mimba. Deus alisimama katikati akimwangalia mama yake, halafu daktari, halafu viatu vyake. Muda ulikuwa unakwenda na Editha alikuwa anavuja.

Hapo ndipo nilipoivunja sheria ya Mzee Kamugisha. Nilikaa kwenye lile benchi. Nikasema naye kwa Kihaya changu cha Muleba, naye akanijibu kwa Kinyambo, ni lugha zinazosikilizana. Nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mama, nisikilize mimi. Ninayekaa na mashine ndiye mimi. Ndani mwa Editha hamna mtoto. Kuna kondo."

Akageuka.

"Lile lile la kwanza. Halikwisha lote. Limebaki kidogo, limeota bila mtoto, na sasa mizizi yake imetambaa mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana anakohoa damu. Na kile kipimo cha mkojo, mama, hakijui mtoto. Kinajua kondo tu. Kikiliona kondo kinatoa mistari miwili. Ndiyo maana walitaka aje kila mwezi, walikuwa wanalitafuta."

Aliuangalia uso wangu kwa makini, jinsi wanunuzi wa kahawa wanavyoangalia buni kabla ya kuikubali. Kisha akakiweka kile kikapu chini, polepole, akakisukuma kwa mguu chini ya benchi.

"Kondo lisilozikwa," akasema.

Sikubisha. Mwenye kubisha na abishe.

"Mwanza wana dawa ya kuliua?"

"Wanayo. Nimemwona aliyepona."

"Waitu, mbona hamkusema hivi toka mwanzo?" Hakupandisha sauti. "Ningemleta kila mwezi. Kwa miguu ningemleta."

Akasimama akaenda kumvisha Editha sweta. Kabla gari halijaondoka, Editha alinishika mkono dirishani akaniuliza kama nywele zitaota tena. Nikamwambia zitaota. Akasema, "Basi sawa, mama."

Mwanza walimpokea na wakamwanzishia dawa. Daktari wetu alikuwa akipiga simu na kuniambia, kinyume cha utaratibu, naye alikuwa ameshachoka na taratibu. Wiki za mwanzo habari zilikuwa nzuri. Kikohozi kilipungua. Walirudia picha ya kifua, na yale madoa yalikuwa yameanza kusinyaa. Nilifurahi, nikanunua soda, nikawanunulia na ninyi, labda mnakumbuka, mliniuliza ni sikukuu gani. Halafu siku moja asubuhi Editha alisema kichwa kinamuuma, akasema tena, akanyamaza. Saratani ilikuwa imeshafika kichwani kabla hajapanda lile gari, na huko ilivuja. Dawa ilikuwa inamponya alipokufa. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, haikubali.

Hospitali ilikaa kikao cha kujadili kifo, kama inavyotakiwa. Nami niliitwa nilete picha. Walizungumza vizuri, kwa adabu, na mwishoni wakakubaliana kwamba mgonjwa alichelewa kufika. Nikanyoosha mkono. Nikasema hakuchelewa, tulimfukuza. Alikuja miezi miwili, halafu ile amri yetu isiyo na maelezo ikamfanya ajifiche. Na kipande kilichopaswa kwenda maabara kilikwenda shimoni. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango. Kisha tukaenda kunywa chai na maandazi. Neno "alichelewa" ndilo lililobaki kwenye muhtasari, na mtalikuta kwenye mihtasari mingi. Linabeba watu wengi kuliko jeneza.

Baada ya hapo nilianza kuongea chumbani mwangu. Kila aliyekuja na rubisi kizazini nilimweleza habari ya kondo na ya mistari miwili, na mama mkwe wake nilimwita aingie asikie. Wodini wakanishtaki kwamba mpiga picha anatoa majibu. Nikaitwa, nikaonywa, nikarudi nikaendelea. Walikuwa wanahesabu kwamba ninakaribia kustaafu, na mimi pia nilikuwa nahesabu.

Editha nilikuwa nimekwenda kumzika Nyakatuntu kabla ya kikao kile. Walimzika kibanjani, upande wa chini wa nyumba. Katekista alisoma, wimbo ukaimbwa, Deus alitupa udongo wake akarudi nyuma akakaa chini kama mtoto. Watu walipoanza kutawanyika, Ma Paskazia alikuja akanigusa kiwiko. Nikamfuata nyuma ya jiko. Akanionyesha mgomba mmoja, wa ndizi za kupika. Pale chini palikuwa pamepaliliwa pakawa safi, pametandazwa majani makavu mazito, na kwenye shina pamefungwa kamba ya mgomba iwe alama.

"Niliutayarisha siku aliyonionyesha kipimo," akasema. "Nilitaka msichana."

Nikasema pole. Akasema ahsante. Tulisimama pale mpaka wakatuita kula.

Sasa nimestaafu na ninakaa hapa na blanketi lenu. Binti uliyerithi kiti changu, najua watakwambia mpiga picha haongei. Ni kweli, kuna daktari, na mpe nafasi yake. Lakini mgonjwa akifika mlangoni kuondoka, mwulize ameambiwa nini, na kwa nini. Akishindwa kukujibu la pili, funga mlango umweleze wewe. Watakuonya. Kuonywa hakuumi kama wanavyosema.

Juzi Deus alikuja na pikipiki, amekonda, kafunga mkungu mzima wa ndizi nyuma kwa mpira. Aliniamkia, akaushusha barazani.

"Mama amesema nikuletee. Ni wa ule mgomba."

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema kitu."

Nilimpa maji akanywa, akaondoka. Nilikaa na ule mkungu muda mrefu nikiuangalia. Mtu akikuletea ndizi huku kwetu ni asante, lakini ndizi za mgomba ule sijui ni asante au ni lawama, na Ma Paskazia si mtu wa kuulizwa. Jioni nilizimenya, nikazipika na maharage, nikazifunika kwa majani mpaka zikaiva vizuri. Nikatoka kwenda kumwita jirani aje tule pamoja, kama ilivyo desturi. Nilipofika kwenye uzio nikarudi; kama ni lawama, haikuwa ya jirani. Nilikula peke yangu, nikazimaliza.